Picha ya Kope za Zaina

Siku ya picha, nyumba ya Mwajabu Sembuli ilikuwa haina mwenyewe. Wanawake waliingia bila hodi, wakaacha viatu mlangoni, wakajimiminia chai jikoni, wakasogezana mikekani mpaka aliyechelewa akakaa nusu ndani nusu nje. Kila mmoja wao alikuwa jicho la mtu. Ndivyo walivyojitambulisha pale Ngamiani bila kuona ajabu yoyote: miye jicho la mume wangu, huyu jicho la kaka yake, yule pale jicho la wanawe wawili kwa zamu. Na wote walikuwa na macho mekundu kama watu waliokesha wakimenya vitunguu vya harusi.

"Hebu tulia," Mkasi alikuwa akimwambia mwenzake aliyemlaza mapajani. Alikamua kitambaa kwenye beseni la maji ya moto, akakikunja, akambandika machoni. "Ulipozaa hukukandwa?"

"Nilikandwa kiuno. Kwani haya macho nimeyazaa?"

Ukumbi ukacheka. Hata Mwajabu, nyuma ya pazia na mashine yake, alitabasamu, ingawa miguu ilikuwa inamuwaka moto kwa kusimama tangu asubuhi. Aliipenda kelele ile. Mume alipofariki watu walidhani angehamia kwa mwanawe huko Muheza. Yeye akaomba kibali cha kupiga picha za kope, akafungua mlango wa mbele, na tangu hapo hakuwahi kula chakula peke yake. Habari zote za mtaa zilipita kwenye ukumbi wake kabla hazijafika kwa wenyewe. Mwaka huu tu ndio raha ilikuwa imeanza kumpungukia. Picha zilikuwa zinatoka nyeusi, moja baada ya nyingine, na yeye ndiye wa kwanza kuziona.

Kuhusu kukanda alishasema mpaka akachoka. Wanawake walikuwa wameitoa desturi hiyo kwa wazazi: mama akitoka kujifungua hukandwa kwa maji ya moto na mwili ukamrudia, basi na kope, waliamini, zitarudi vilevile. Kweli, kitambaa cha moto huyeyusha mafuta yaliyoganda kwenye kope, na mtu akapata nafuu siku mbili tatu. Lakini kuyeyusha mafuta ya tezi iliyo hai ni jambo moja, na kufufua tezi iliyokufa ni jingine. Hawakumsikia. Akaishia kuwanunulia beseni la pili.

"Zaina Mhando," akaita.

Zaina akapenya pazia. Walikuwa mashoga tangu wasichana, wakisukana nywele na kuazimana kanga, na sasa kila mmoja alikuwa na mvi za kutosha. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kidevu mahali pake bila kuambiwa. Kope zake zilikuwa zimevimba, zinang'aa.

"Mkasi amekuchemsha," Mwajabu alisema.

"Miye nilimwambia azidishe moto."

"Kwa nini?"

"Piga picha, shoga. Nina zamu mchana huu."

Mwajabu akanawa, akamwambia atazame chini. Akabonyeza kijiti cha pamba juu ya kope ya kulia, akaipindua taratibu hadi wekundu wa ndani ukatokeza. Taa haikuonekana kuwaka. Mwanga wa mashine ile jicho haliuoni. Hupenya ngozi nyembamba ya kope na kurudi na habari za ndani. Kwenye kioo cha mashine, kope nzima huonyesha mistari myeupe iliyosimama bega kwa bega kama meno ya kitana. Hizo ndizo tezi za mafuta. Mtu akipepesa, zinakamuliwa kidogo, na mafuta mepesi yanatandaa juu ya chozi kama yanavyotandaa juu ya mchuzi, chozi lisikauke. Asiyepepesa, mafuta yanaganda ndani. Tezi inapinda, inafupika, inabaki kivuli, kisha haibaki hata hicho.

Na macho ya Ngamiani hayakuwa yakipepesa. Kule kwenye vibanda vya Shirika la Mwamba walivishwa miwani yenye vishikizo vidogo vya kuzuia kope. Mwamba unapotaka kupasuka, chini huko milimani ambako mtu wako anachimba ndani ya vumbi ambamo hawezi kuona hata mkono wake, ufa hujionyesha kwenye miwani kama kimweko, na kimweko hicho ni kifupi kuliko kupepesa. Ukipepesa umeukosa, na mtu wako hukumwambia akimbilie wapi.

Picha ikatulia kioo kizima. Upande wa pua zilikuwa zimebaki tezi chache, fupi, kama visiki. Kwingine kote giza. Mwajabu akapindua kope ya kushoto. Afadhali kidogo, ila katikati palijaa vivuli: mistari iliyofifia, wala si myeupe wala si myeusi, ambayo mtu angeweza kuiita hai akitaka na kuiita maiti akitaka.

Mashine ilipiga picha tu. Kuamua ipi hai ipi imekufa ilikuwa kazi ya kidole cha mpiga picha. Zamani mashine iliachiwa ihesabu yenyewe, ikahesabu vivuli kuwa tezi, na jicho moja likaruhusiwa kurudi kibandani likiwa halioni ufa. Tangu hapo sheria ilitaka mkono wa mtu. Unachora mpaka kwa kidole juu ya kioo, kidole hichohicho kinakuwa sahihi yako. Theluthi mbili zikiwa zimekufa, jicho linafungwa, mtu harudi tena kibandani.

Ukivichora vivuli, Zaina amepita. Ukiviacha, amefungwa.

"Zimevimba," Mwajabu alisema, akaondoa kidole bila kuchora. "Hapa sioni kitu. Rudi kesho."

Zaina hakuinuka. "Zimevimba tu?"

"Rudi kesho, Zaina."

Nje ya pazia sauti ya Mkasi ikapaa. "Jamani mbona kimya humo? Mnaposwa?"

Safari hii hakucheka mtu nyuma ya pazia.

*

Kesho yake haikuwa siku ya picha, lakini nyumba ile haikujua kuwa tupu. Mpangaji wa chumba cha uani alikuwa anapiga pasi ukumbini, jirani amekuja kuazima sufuria akasahau kuondoka, na Mkasi alikuwepo kwa sababu alikuwepo siku zote. Zaina alipoingia, Mwajabu akawaomba wote watoke. Hawakuamini. Mkasi alichukua kikombe chake polepole, akitazama nyuma kama mtu anayefukuzwa msibani.

Uvimbe ulikuwa umeshuka. Picha ikatoka safi, na usafi wenyewe haukusaidia kitu.

"Soma saa ile ya ukutani," Mwajabu alisema. "Usipepese. Endelea kuitazama."

Zaina akaitazama. Mara machozi yakaanza kumtoka, yale ya maji matupu ambayo jicho kavu hujimwagia bila faida.

"Bado unaiona mishale?"

"Naijua iko wapi."

"Sikukuuliza hivyo."

"Mbaraka namwona, Mwajabu. Nikitia miwani namwona mwanangu. Najua anavyovuta pumzi. Najua mguu upi anaanza nao akichoka. Hata nikifumba macho nitakwambia yuko wapi."

"Yeye unamjua. Mwamba huujui."

Zaina akajifuta mashavu kwa ncha ya kanga. Alikuwa na rangi ya mtu ambaye usingizi umemkimbia miezi.

"Ukinifunga, nani atamwangalia? Baba yake hayupo, ndugu hana. Atapewa king'ora."

Mwajabu alilijua hilo bila kukumbushwa. Kabla ya macho, wachimbaji walikuwa wakilindwa na mashine iliyopiga king'ora kila ilipohisi mwamba unacheza. Na mwamba unacheza kutwa. Watu wakakizoea kama unavyozoea mtoto wa jirani anayelia, hawakushtuka tena, hata siku ya kushtuka ilipofika. Ndipo wanawake wa Ngamiani wakaenda kukaa kwenye ngazi za Shirika na vyungu vyao, wakapika pale, wakalala pale, mpaka wakakubaliwa: kila aliye chini aangaliwe na mtu wa nyumba yake, kwa maana sauti ya mama, mtu haizoei. Asiye na mtu wa nyumbani ndiye aliyebaki na king'ora. Wenzake chini huko walimwita yatima, hata kama wazazi wake wote walikuwa hai na wananenepa.

"Mbaraka awe yatima nami naishi?" Zaina alisema. "Mkataba wake umebaki miezi. Miezi tu. Akipanda juu, nifunge macho yote mawili unavyotaka."

"Na akikosa kupanda?"

"Usiniapize."

"Sikuapizi. Nakuonyesha." Mwajabu akaigeuza picha upande wake. "Tazama mwenyewe."

Zaina hakuitazama sana. Aliweka ukucha pale katikati, penye vivuli.

"Hivi hapa. Niambie vimekufa. Apa."

Mwajabu hakuweza kuapa, na Zaina alilijua hilo kabla ya kuuliza.

"Basi chora. Hujasema uongo. Umekosa hakika, na kukosa hakika si dhambi." Sauti yake ikashuka. "Miye nilipopata homa ya uzazi, ni ziwa lako lililomweka Mbaraka siku zote zile. Nilikuwa sijijui, nikazinduka nikamkuta kanona kwa maziwa yako. Mwanangu ni mwanao. Leo umtupie king'ora?"

Uani, nyuma ya mlango, kijiko kiligonga kikombe. Mkasi hakuwa ameenda mbali.

"Nipe mpaka Ijumaa," Mwajabu alisema.

*

Haikuruhusiwa kumweleza mchimbaji habari za jicho lake. Sababu ilieleweka: mtu akijua anayemwongoza haoni vizuri, atasitasita, na kusitasita kule chini ni njia nyingine ya kufa. Mwajabu aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Saa ya chakula ya wachimbaji ilipofika, akafunga mlango wa chumbani na kupiga simu.

"Shikamoo, mama Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Unakula nini?"

"Kitu wanachokiita wali." Akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. "Kuna msiba?"

"Lazima kuwe na msiba ndio nikupigie?"

"Hujapata kunipigia saa hizi. Miye najua simu za nyumbani."

Mwajabu alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Yakapotea yote. Akabaki anasikia sahani zikigongana kule, wanaume wakitaniana juu ya nani kaharibu mchuzi.

"Mbaraka," akasema, "mama yako akikwambia kulia, unakwenda kulia?"

Sahani ziliendelea kugongana. Kisha zikasikika kwa mbali, kama mtu amesogea pembeni na simu yake.

"Umempiga picha," alisema.

"Nimekuuliza."

"Nakwenda kulia nikishapapasa kwanza." Alisema taratibu, hana hasira. "Tangu kabla ya Ramadhani. Siku moja aliniambia mbele ni salama, nikaweka mkono nikakuta mwamba una joto. Ukiwa na joto vile unakaribia kupasuka. Nikarudi nyuma, nikamwambia nimeangusha koleo. Siku hizi huwa namwacha aseme, namwitikia, halafu napapasa. Anafurahi. Ananieleza habari za mtaa katikati. Mkasi kafanya hivi, fulani kaolewa na fulani."

"Na ukipapasa usiuguse ulio moto?"

"Basi tena."

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Kwake? Yule akijua amekuwa akinipeleka pabaya, mama Mwajabu, hatainuka kitandani. Heri nipapase." Akakohoa tena. "Wewe fanya kazi yako. Picha iseme yenyewe. Ila usimwambie kama najua. Hilo nakuomba, kwa ziwa lako. Aondoke akiamini alikuwa ananiona."

"Atanilaumu miye."

"Atakulaumu," Mbaraka alikubali. Hakutafuta neno la kumpoza. "Saa ya chakula imekwisha. Wasalimie wote hapo ukumbini."

*

Ijumaa baada ya sala Zaina alikuja amevaa vizuri, kanga mpya, kichwa kimefungwa kwa nakshi. Alikaa karibu na kioo ili aone.

Mwajabu akaanza na kope ya kulia. Vile visiki vya upande wa pua, kimoja kimoja, kidole kikavizunguka. Akaja kushoto. Akachora zilizo hai za pembeni. Akafika kwenye vivuli. Kidole kikasimama juu yake muda mrefu, mpaka kioo kikafifia kwa kungojea na ikabidi akiguse tena kiamke.

Alikuwa na la kusema. Angesema tu: mwanao anatembea kwa kupapasa kama kipofu kwa ajili yako, na ubishi wote ungekwisha hapo hapo. Neno lilimjaa kinywani. Akalimeza, akaviruka vivuli, akafunga mpaka na kubonyeza sahihi.

Zaina akakitazama kioo mpaka ujumbe wa Shirika uliporudi. Jicho limefungwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulikosa hakika. Ulikosa hakika ukaamua kunifunga."

"Niliamua hivyo, ndiyo."

"Kwa nini?"

Mwajabu akatafuta jibu lisilo lile alilolimeza. "Nilichoka kuona giza," akasema, na hata yeye alisikia lilivyokuwa jepesi.

Zaina akasimama. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ukumbini watu walikuwa wameacha hata kunywa chai ili wasikie. "Una kope nzima weye. Miaka yote umekaa hapa unahesabu za wenzio, zako hazijaguswa. Umemnyonyesha, nyumba yake ni yako. Basi kaa weye kibandani. Kaa umwangalie, kama maneno yako yana uzito. Lakini hutakaa. Utamwacha wapi Mkasi? Utamwachia nani chai?"

Akatoka. Wanawake wakavuta miguu kumpisha.

Mkasi, ambaye kimya kilikuwa kinamuumiza kama jino, akasema: "Amekasirika tu. Kwanza ziwa haliandikwi Shirika."

"Linaandikwa," Mwajabu alisema. Alikuwa ameshawaandikia watu wawili, ndugu wa ziwa, kwa mkono wake. "Kisheria ni mtu wa nyumba."

"Haya, na mpiga picha je? Si mnakatazwa?"

"Tunakatazwa. Aliye jicho hapigi picha, asije akajichorea mwenyewe. Mashine nitairudisha."

Mkasi akamtazama, akatazama ukumbi, beseni mbili, viatu vilivyorundikana mlangoni. Ilimchukua kitambo kuelewa kwamba hayo hayakuwa mazungumzo tena.

"Na siye tutakwenda wapi?"

"Yuko mpiga picha mwingine kule Chumbageni."

"Yule hana hata kiti," Mkasi alisema, akaanza kulia, akajifuta haraka kwa sababu chumvi ilimchoma.

*

Siku zilizofuata Zaina hakumsemesha. Siku ya kwanza ya zamu, Mwajabu alipokuwa anafunga mlango wa mbele, alimkuta amesimama barazani. Hakuingia, na hakuitika salamu.

"Akisema hajambo, amechoka," Zaina alisema, akitazama barabara. "Akianza kutania wenzake sana, anaogopa. Usimwambie angalia, mwambie jina lake. Angalia anaambiwa na kila mtu."

"Nimesikia."

"Usimwimbie. Hapendi."

Akaondoka kwa hatua za mtu anayepima ardhi kwa macho mabovu, na Mwajabu hakuthubutu kumshika mkono.

Kibanda kilikuwa na kiti kimoja na mlango uliofungwa kwa nje. Kuta zilikuwa zimetandikwa sponji ili sauti ya jirani isipite. Wanawake waliokuwa wakisimuliana habari za mtaa mzima walikaa humo kila mmoja na ukuta wake. Mwajabu alikaa. Alishangaa jinsi pumzi yake mwenyewe ilivyokuwa na kelele. Akavaa miwani, na vishikizo vikazikamata kope zake, laini, karibu kwa adabu.

Giza likafunguka likawa jiwe. Katikati yake palikuwa na umbo la mtu, jembamba, limeinama, mkono mmoja umenyooshwa mbele.

"Nani yuko juu?" sauti ya Mbaraka iliuliza.

"Ni miye, mwanangu."

Umbo likasimama wima. "Wewe mwenyewe," akasema. "Na mama?"

"Yupo. Alinifundisha asubuhi hii."

"Amekusamehe?"

"Tembea, Mbaraka. Wenzako wanakusubiri."

Akatembea. Mwanzoni macho yalistahimili. Kisha ikaja ile hali ambayo wenzake walikuwa wakimsimulia kila siku ya picha na yeye akiitikia huku mawazo yako kwenye mashine: mchanga kwanza, halafu moto mwembamba pembeni mwa jicho, halafu ukungu ukitambaa juu ya jiwe, na kope nzima ikilia ishuke, mara moja tu. Wenzake walikuwa wakivumilia kitu wasichokiona. Yeye alikuwa anakiona. Alizijua tezi zake zilivyojipanga, meno meupe ya kitana kipya, na alijua ni wapi mafuta yanaanza kuganda, jino lipi litapinda la kwanza, mwaka gani kivuli kitaingia katikati.

Upande wa kulia wa umbo, jiwe likapiga kimweko na kuzima.

"Mbaraka," akasema. "Mbaraka. Njoo kushoto. Weka mkono chini, usipapase. Nakuona."

Umbo likateremsha mkono, likaja kushoto.